Utangulizi mrefu huwafukuza wasomaji

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alinilalamikia kwamba anayoyaandika kwa Kiswahili katika Facebook hayasomwi. Nilipoyatazama, niliona kosa ni letu sisi walimu. Alikuwa ameanza kwa kufasili mada, kama tunavyomfunza katika insha. Habari yenyewe, ada ya bweni kupandishwa, ikaja katika aya ya tatu. Msomaji wa simu alikuwa keshapita.

Jina la kanga halina utangulizi, nalo husomwa na mpita njia asiyesimama. Wanaodai kuwa herufi 280 za Twitter (X ya leo) hazikitoshi Kiswahili wamesahau vitenzi vyetu: "Hawajatulipa" ni sentensi kamili ya herufi 12.

Akaandika upya: "Wametupandishia ada ya bweni!" Wenzake wakamjibu usiku huohuo, kwa Sheng, lakini walijibu.