Chatu kagoma kula, kumbe mchawi ni mimi!

Wiki hii naomba nitubu hadharani.

Mjomba wangu anacheza ngoma ya Kisukuma, ile ya Bayeye, mabingwa wa nyoka. Hapa Dar anafuga chatu jike wa mita moja na nusu, tunamwita Mwali. Kibali cha maliasili anacho, msiniletee kesi. Mwali ndiye ofisi yetu. Akicheza harusini, kodi ya nyumba imelipwa.

Basi, mwezi wa saba Mwali akagoma kula. Kawaida yake ni panya mmoja kila wiki mbili. Safari hii akiwekewa, anageuza shingo. Wiki sita, hola! Majirani wakaanza: karogwa huyo. Tukajaribu kifaranga, wapi! Usiku mmoja tukamwachia panya hai mpaka asubuhi. Kimbembe! Aliyekula ni panya. Tulimkuta Mwali ana jeraha la meno mgongoni.

Mjomba akashika kijiti. "Mpwa wangu, mshike kichwa, leo anakula kwa nguvu."

"Samahani mjomba, tutamuua."

Tukamtia guniani, hao kwa daktari wa mifugo.

Daktari akaanza na maswali. Analala wapi? Barazani, kwenye saruji. Upepo wa kusi unampiga? Unampiga. Akatikisa kichwa. Nyoka hutegemea joto la nje, akipoa tumbo halisagi chakula, sasa ale kimuozee? Macho yake yana ukungu? Yanao. Basi anakaribia kujivua gamba, na wakati huo nyoka wengi hawagusi kitu.

"Na watu wanamshikashika?"

Nikameza mate. Mjomba akitoka, mimi nilikuwa nawatoza watoto wa mtaani shilingi 200 kila mmoja wamguse. Siku nyingine watoto thelathini! Na nyoka mwenye hofu hali, jamani. Nikakiri palepale. Mjomba aliniangalia tu, bora angenizaba kibao.

Dawa haikuwa sindano. Kidonda kilisafishwa, sanduku la Mwali likahamia ndani. Tukafunga taa nje ya wavu asije akaungua, upande mmoja ukafika kama nyuzi 30, wa pili ukabaki na ubaridi ili achague mwenyewe. Tukamwekea boksi la kujificha na beseni la maji. Kumgusa marufuku, isipokuwa kumpima uzito mara moja kwa wiki. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula. Cha kuogopa ni uzito kuporomoka, au akikoroma na kutoa mapovu mdomoni. Hapo mrudishe kwa daktari haraka.

Siku ya kumi na moja akajivua gamba. Tukamwacha atulie. Usiku wa tatu tukachukua panya aliyekwisha kufa, tukampasha kwenye maji ya moto, maana chatu huhisi joto la windo lake. Mjomba akanipa koleo bila neno. Nikamshika panya mkiani, nikamtikisa taratibu. Paa! Kakamatwa, kakabwa, kamezwa. Mjomba akacheka, mara ya kwanza tangu kwa daktari.

Jumamosi ile kulikuwa na harusi. Mjomba akaikataa, maana nyoka aliyetoka kula ukimsumbua anatapika. Hela iliuma, lakini Mwali kapona.

Na luku ya taa yake? Nanunua mimi, kwa zile mia mbili mbili.

Tukutane wiki ijayo!