Setilaiti haioni shamba la ekari tatu

Mkulima wa Dodoma ana msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Akipanda baada ya mvua mbili za kwanza, kisha jua likawaka wiki tatu, mbegu imepotea, na mbegu ya pili hainunuliwi kwa ahadi. Ndiyo maana habari kwamba unyevu wa udongo hupimwa kutoka angani zinawavutia wengi. Zipokewe, lakini kwa hesabu.

Kipimo chenyewe si uzushi. Udongo hutoa mawimbi hafifu, ya jamii moja na yale ya redio, nayo hupungua kadiri udongo unavyolowa. Setilaiti ya SMOS ya Ulaya, iliyorushwa Novemba 2009, na SMAP ya Marekani, iliyorushwa Januari 2015, ziliundwa kuyapokea. Mawingu hayazuii, hivyo kipimo hupatikana hata katikati ya msimu wa mvua.

Tatizo ni ukubwa wa eneo linalosomwa kwa mara moja. SMAP ilikuwa na rada ya kuona kwa undani zaidi, ikafa Julai 2015. Kifaa kilichobaki husoma vipande vya kilomita 36 kwa 36. Hizo ni ekari zaidi ya 320,000, na zote hupewa namba moja: bonde la mpunga, mlima na changarawe. Tena kinachopimwa ni sentimita tano za juu tu, wakati mizizi ya mahindi hushuka hadi karibu mita moja. Rada za Sentinel-1 huona vipande vidogo zaidi, lakini mabonge ya shamba lililolimwa na mazao yaliyofunga huzichanganya.

Kwa hiyo anayefika kijijini akiuza kipimo cha shamba kutoka angani aulizwe kwanza: kipande kimoja cha picha yake kina ekari ngapi? Amekilinganisha lini na udongo uliochimbwa hapo? Bima ya mazao inayolipa kwa namba ya setilaiti iulizwe vivyo hivyo. Shamba laweza kukauka huku kipande kizima kikisomeka kuwa na maji, na mwenye shamba asipate hata senti.

Namba hizo zinawafaa zaidi halmashauri, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa nafaka, kwani wao huamua kwa wilaya nzima. NASA huzitoa bila malipo. Kinachokosekana ni ofisa kilimo aliyefundishwa kuzisoma, awatumie wakulima ujumbe wa simu kabla ya kupanda: udongo wa eneo hili umekaa na unyevu wiki nzima, au umekauka siku tatu baada ya mvua.

Akiupata ujumbe huo, mkulima achukue jembe, achimbe kina cha kiganja na kufinya udongo. Ukishikana, apande. Ukimwagika kati ya vidole, mbegu ibaki ndani. Wa kichanga ni mbishi, haushikani vizuri hata ukiwa na maji. Huo aangalie kama unalowesha kiganja.