Biashara Yenu Ishakufa. Nani Aliiua?

Wasee, kila mbogi ina yule mmoja anaitwa nuksi. Mnachanga doo mfuge kuku, wote mko na moto, halafu yeye anauliza, "Na stima zikipotea?" Anaambiwa aache roho chafu. Ananyamaza. Mimi nasema huyo ndiye wa kulindwa.

Mwaka 2007, mwanasaikolojia Mmarekani, Gary Klein, aliandika kuhusu njia rahisi ya kumpa huyo msee nafasi. Kabla hamjatoa hata shilingi, kaeni chini mjifanye miezi sita imepita na mradi umekufa. Sio "ukikufa". Umekufa, mmezika. Kila mtu aandike kimyakimya nini kiliua. Halafu mnasoma, mmoja mmoja, sababu moja moja, mpaka ziishe.

Ukiuliza "kuna shida yoyote?", watu wanaogopa kuharibu raha. Ukiuliza "nini kiliua?", kila mtu anataka kuonyesha ako na akili.

Haya, hao kuku. Stima zilipotea usiku, vifaranga wakauawa na baridi. Kideri ikapita na hakuna aliyechanja. Wiki sita zikaisha, broila wako tayari, mnunuzi hakuna, na kila siku wanakula faida. Pesa zote zilikuwa kwa simu ya mtu mmoja. Leo dawa ni rahisi: jiko la makaa, chanjo, hoteli ya kuuzia, akaunti ya sahihi mbili. Baada ya hasara, dawa ni kugombana na marafiki zako.

Na si sisi tu. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu za watoto wa darasa la kwanza, na shule nyingi za msingi hazikuwa na stima. Vifaa vilianza kufika 2016, tena tableti. Swali la stima lilikuwa la kuulizwa siku ya kwanza.

Najua utaniambia maneno huumba, tusijitabirie mabaya. Lakini kideri haingoji kuitwa jina ndiyo ije. Kutaja ugonjwa ndiyo njia ya kukumbuka chanjo.

Mkimaliza hicho kikao na bado mnataka kuanza, anzeni, tena kwa nguvu. Lakini mbogi ikishindwa kuvumilia dakika kumi za maswali mabaya, itavumilia aje hasara? Hapo usiweke doo zako.