Pikapu ya Kazi na ya Nyumbani

Msomaji wetu mmoja anataka pikapu ya kuvutia trela la mashua, na hiyo hiyo iwapeleke watoto shule. Kabla ya kwenda kutazama magari, tunamshauri apime trela lake likiwa na shehena yote. Pikapu nyingi za dizeli za siku hizi husifiwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini hilo ni kwa trela lenye breki zake lenyewe. Lisilo nazo, kikomo aghalabu ni kilo 750 tu. Tena yapata sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela huelemea nyuma ya gari. Trela la kilo 2,000 hula kilo 200 za mzigo ulioruhusiwa, na humo humo wamo mama, watoto na mikoba yao. Wengi hulisahau jambo hili, mpaka usukani uwe mwepesi mkononi mteremkoni.

Sisi tungechagua ya dizeli, yenye milango minne. Hata hivyo, ikiwa tupu, spring zake ngumu humrusharusha aketiye nyuma. Basi bibi naye apandishwe siku ya majaribio, kabla fedha hazijatolewa.