Vumbi la Mirerani na Bajeti ya Waziri
Septemba 2023 viongozi wa dunia walikutana New York wakaahidi, kwa mara ya pili tangu 2018, kukomesha kifua kikuu. Safari hii watu milioni 45 watibiwe kufikia 2027. Sawa. Lakini nani atamuuliza Waziri wa Madini kuhusu vumbi la mawe linalochakaza mapafu ya wachimbaji wa Mirerani na kuyafungulia mlango ugonjwa huo? Nani atamuuliza wa Mambo ya Ndani kuhusu mahabusu wanaolala mzungu wa nne? Anayebanwa ni wa Afya tu, kana kwamba ndiye anayejenga vyumba visivyo na madirisha. Mimi ningeanza na wa Fedha: viongozi wale waliahidi dola bilioni 22 kwa mwaka ifikapo 2027, fungu letu liko ukurasa gani wa bajeti?