Simu isiyokamilika ni ya fundi, si ya maonyesho

Mji wa Isebania una desturi ya kuona mambo mapema. Soko lake limepakana na Sirare kama pua na mdomo, na asiyelala huku hulala kule. Habari ya bei, ya ushuru, ya mvua na hata ya siasa za Tanzania huingia hapa kabla ya kufika Migori mjini. Pengine ndiyo sababu vijana wetu wana hamu kubwa ya kuwa wa kwanza kushika kila kitu kipya. Hamu hiyo si mbaya. Lakini hamu ikikosa maarifa huwa mtaji wa mtu mwingine, na safu hii ingependa leo kuwaeleza walimu na wanafunzi jinsi hilo linavyotendeka.

Likizo iliyopita mpwa wangu, ambaye anasomea ualimu, alinijia na simu ya kutamanisha. Kioo chake kiling'aa, mgongo wake ulikuwa laini kama kokoto la mtoni. "Mjomba," akaniambia kwa fahari, "hii haijafika hata Nairobi. Ni ile wanayopewa waunda programu kabla haijatangazwa." Fedha alizonunulia zilikuwa sehemu ya karo ambayo mama yake, dada yangu, aliipata kwa kuuza mahindi. Niliigeuza simu hiyo na kuona maandishi madogo ya Kiingereza yaliyosema kwamba haikuwa ya kuuzwa. Tulitia kadi ya mtandao wa Kenya, ikanyamaza. Tukatia ya Tanzania, ikanyamaza vilevile. Tulipobonyeza *#06# ili tuione nambari ya utambulisho, ile yenye tarakimu 15 ambayo kila simu halali huwa nayo, hapakutokea kitu. Kijana alikuwa amenunua simu ya maonyesho, ile inayowekwa kwenye meza ya duka ili wateja waipapase, ambayo aghalabu haina uwezo wa kupiga wala kupokea simu. Aliyemuuzia hakuonekana tena.

Nisingelieleza aibu ya nyumbani kwangu hadharani kama si kwa jambo moja. Kijana huyo hakudanganywa kwa uongo mtupu. Alidanganywa kwa ukweli uliopotoshwa. Ni kweli kwamba ziko simu zinazotolewa kabla ya wakati wake. Ni kweli pia kwamba waunda programu huzipata mapema, na pengine huzinunua kwa fedha zao. Asilolijua ni kwa nini zinatolewa, na zinapewa nani. Hilo ndilo lililomponza.

Mkulima wa Kuria ataelewa haraka. Mtafiti anapokuwa na mbegu mpya ya mahindi, huipanda kwanza katika shamba la majaribio. Humo hutazama ikiwa inastahimili ukame, ikiwa inaliwa na wadudu, ikiwa inazaa kama ilivyotarajiwa. Mazao ya shamba hilo si ya kulisha jamaa. Ni ya kufundisha. Simu nayo hupita katika hatua kama hizo. Kampuni huunda chache kwanza ili zipimwe, nyingine ili programu ziandikwe juu yake, na makosa yakisharekebishwa ndipo huundwa kwa maelfu. Anayepewa ile ya kwanza hapewi zawadi. Anapewa kazi ya kutafuta makosa.

Historia inatuonyesha kwamba mpango huu, ukifuatwa kwa uaminifu, una faida. Mwezi wa Novemba mwaka 2007, kampuni ya Google ilitoa vifaa vya kuandikia programu za mfumo wa Android, pamoja na simu ya kuigiza iliyofanya kazi ndani ya kompyuta. Simu ya kwanza ya kushikwa mkononi yenye mfumo huo iliuzwa Oktoba mwaka 2008. Kwa karibu mwaka mzima, waunda programu kote duniani waliandika kazi zao kwa ajili ya simu ambayo hakuna mwananchi aliyekuwa nayo. Vifaa hivyo vilitolewa bure. Kwa hiyo kijana wa Isebania mwenye kompyuta angeweza kuanza siku ileile na kijana wa California, bila kulipa senti tano.

Aprili mwaka 2013, kampuni ya Uhispania iitwayo Geeksphone iliuza simu mbili kwa waunda programu, Keon na Peak, zenye mfumo wa Firefox OS wa shirika la Mozilla. Keon iliuzwa kwa Euro 91. Wauzaji walisema wazi kwamba ni za waunda programu, na zikamalizika kwa muda wa saa chache tu. Simu za kawaida za mfumo huo zilianza kuuzwa Uhispania Julai mwaka huohuo. Lakini Desemba mwaka 2015 Mozilla ilitangaza kuacha kutoa simu za mfumo huo kupitia kampuni za mawasiliano. Aliyenunua Keon ili ajifunze kuandika programu alibaki na elimu yake. Aliyeinunua ili atambe alibaki na kipande cha plastiki.

Hadithi hiyo haikuishia Ulaya. Juu ya msingi wa mfumo huo ulioachwa, watu wengine walijenga mfumo uitwao KaiOS, uliokusudiwa kwa simu ndogo za bei nafuu. Mwaka 2019 kampuni ya Vodacom ya Tanzania ilizindua simu ya mfumo huo, ikaiita Smart Kitochi. Basi kile kilichoanza kama simu ya mafundi wachache huko Ulaya kilirudi upande wa pili wa mpaka wetu kikiwa simu ya mwananchi wa kawaida. Kazi ya majaribio huzaa matunda, ila huyazaa kwa wakati wake, na aghalabu kwa sura ambayo mnunuzi wa kwanza hakuitarajia.

Hata sisi Wakenya tumewahi kuwa upande wa wauzaji. Mwaka 2013, wataalamu wa Nairobi waliotoka katika shirika la Ushahidi walitangaza kifaa kiitwacho BRCK, cha kuunganisha intaneti mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Kilikuwa bado hakijakamilika. Waliomba umma uwachangie dola 125,000 kwa kununua kabla ya kuundwa, wakapata zaidi ya dola 170,000. Vifaa vilianza kuwafikia wachangiaji mwaka 2014. Walionunua walijua wananunua ahadi, walijua ni nani anayeahidi, na walijua wangesubiri. Miaka miwili baada ya kutangazwa kwa kifaa hicho, watu haohao walitoa sanduku la vishikwambi 40 kwa ajili ya madarasa. Mwalimu anayedhani habari hizi hazimhusu na alitafakari hilo.

Sasa tulinganishe mambo hayo na biashara ya gizani iliyomnasa mpwa wangu. Tofauti zake ni tatu, na kila moja ina hatari yake.

Ya kwanza ni uhalali wa chombo chenyewe. Katika nchi yetu, kila aina ya simu hupaswa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa kwa umma. Simu ya majaribio, kwa maana yake, bado haijaidhinishwa. Nyingine hazina nambari halali ya utambulisho, au zina nambari ya bandia. Wenye umri wetu wanakumbuka usiku wa tarehe 30 Septemba mwaka 2012, Kenya ilipozima simu ghushi, na zaidi ya simu milioni moja zikanyamaza. Tanzania nayo ilifanya vivyo hivyo usiku wa tarehe 16 Juni mwaka 2016. Mkazi wa mpakani, basi, hana pa kukimbilia. Simu iliyozimwa Isebania haiponi kwa kuvushwa Sirare.

Ya pili ni umiliki. Simu ya majaribio mara nyingi hubaki kuwa mali ya kampuni, na aliyeishika ameazimwa tu. Mwaka 2010 mhandisi wa kampuni ya Apple aliisahau katika baa huko California simu ya iPhone 4 iliyokuwa haijatangazwa. Walioipata waliiuza kwa jarida la habari za teknolojia kwa dola 5,000. Polisi waliingia katika uchunguzi, na mwaka uliofuata vijana wawili walihukumiwa kifungo cha nje na kufanya kazi za jamii. Kwa hiyo ikiwa simu uliyouziwa ni ya majaribio kweli kama asemavyo muuzaji, jiulize imetokaje kwa mwenyewe. Na ikiwa si ya kweli, umetapeliwa. Katika hali zote mbili hasara ni yako.

Ya tatu ni usalama. Mafundi huacha milango ya simu ya majaribio wazi ili waingie na kutoka wakati wa kuitengeneza. Kufuli ambazo zingezuia mgeni asisome siri zako huenda zimeondolewa. Mfumo wake unaweza kufuta kila kitu bila onyo, na huenda usipate marekebisho tena. Hebu tufikirie mwanafunzi anayehifadhi humo nambari zake za siri za fedha, barua za mkopo wa masomo, na alama za darasa alilokuwa akilifundisha katika mazoezi ya ualimu. Fundi hatii vitu hivyo katika simu ya majaribio. Ana simu nyingine ya matumizi yake ya kila siku.

Wako watakaosema kwamba tunawavunja vijana moyo, na kwamba pasipo watu wanaothubutu kununua mapema hakuna kipya kitakachofika popote. Hoja hiyo ina uzito na hatuipuuzi. BRCK isingezaliwa bila wanunuzi wa mapema. Lakini watu hao walimlipa mwundaji, wala hawakumlipa mchuuzi wa njiani. Walipewa maelezo ya kasoro zilizokuwapo, nao wakarudisha habari za kasoro walizozigundua. Mazungumzo hayo baina ya mwundaji na mtumiaji ndiyo thamani ya simu isiyokamilika. Ukiyaondoa, kinachobaki ni simu mbovu kwa bei ya simu nzima.

Tatizo la kijana wetu, kwa hiyo, si kwamba alitaka kuwa mbele. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemfundisha kuwa kuna mbele ya aina mbili. Kuna mbele ya mwenye kushika kitu kabla ya jirani yake, ambayo hudumu mpaka jirani anunue chake. Na kuna mbele ya mwenye kujua kitu kinavyofanya kazi, ambayo haiibiwi wala haizimwi na mamlaka yoyote. Jamii yetu imeshangilia mno ile ya kwanza. Tunamwita mjanja aliye na simu mpya, wala hatumwulizi ameitumia kuunda nini.

Walimu wana nafasi ya kuligeuza jambo hili. Mwaka 2022 nchi yetu iliidhinisha mtaala wa kuwafundisha wanafunzi uandishi wa programu. Mtaala ulioidhinishwa bila kutekelezwa darasani ni karatasi tu. Shule yenye kompyuta moja inayofanya kazi inaweza kuweka ndani yake simu ya kuigiza, na wanafunzi wakaandika programu ndogo ya kukadiria bei ya mahindi kwa shilingi za Kenya na za Tanzania, au ya kutafsiri maneno ya Kikuria, Kijaluo na Kiswahili. Simu zimekatazwa kwa wanafunzi katika shule nyingi, lakini simu ya kuigiza haimpigii mtu wala haimkeshi mtoto bwenini. Aidha, wenye kampuni hutoa matoleo ya majaribio ya mifumo yao bure kwa baadhi ya simu ambazo tayari ziko madukani. Android imekuwa na mpango huo tangu mwaka 2016. Anayetaka kuonja yajayo hana haja ya kununua kwenye giza.

Kwa wanafunzi tuna maswali manne ya kujiuliza kabla fedha hazijatoka mfukoni. Je, mwundaji mwenyewe ndiye anayeuza, au amemtaja muuzaji huyu hadharani? Je, simu ina nambari ya utambulisho inayoonekana, nayo inalingana na ile iliyo kwenye kasha? Je, muuzaji yuko tayari kuandika risiti yenye jina na mahali pake? Na je, mimi nitafanya kazi gani juu ya simu hii ambayo siwezi kuifanya juu ya simu ya kawaida? Asiye na jibu la swali la nne haihitaji simu hiyo, hata kama majibu ya matatu ya kwanza ni mazuri.

Kwa mamlaka, ombi letu ni fupi. Maafisa wa kituo cha mpakani hukagua magunia na magari kwa bidii. Simu zilizoandikwa kwamba si za kuuzwa nazo zikaguliwe, na wananchi waelezwe kwa Kiswahili chepesi, sokoni na barazani, jinsi ya kutambua simu halali. Kuzima simu baada ya mama kuuza mahindi yake ni kumwadhibu aliyetapeliwa.

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Mkulima ataongeza kwamba yuko pia anayeingia shambani matunda yakiwa mabichi, akayakagua, akayatunza na kuyapalilia mpaka yaive. Huyo ndiye fundi, na tungependa Isebania iwe na wengi wa namna yake. Mpwa wangu amerudi chuoni na simu yake ya zamani, ile yenye ufa kwenye kioo. Ile ya kutamanisha ameiacha kwangu. Nimeiweka juu ya meza ya darasa, na kila mwanafunzi anayeuliza mbona haiwaki, humpa somo hili.