Ngoma Si Kitoweo cha Hotuba

Kila ikaribiapo sikukuu ya Taifa, mjini Sumbawanga huundwa kamati ya sherehe. Humo huwamo watu wa mapambo, watu wa viti na maturubai, watu wa magari, watu wa chakula cha wageni, na mwisho kabisa mtu wa burudani. Huyo wa mwisho ndiye leo tunayetaka kusema naye, kwa heshima zote, maana kazi aliyopewa ni kubwa kuliko wenziwe wanavyodhani, na huenda kuliko anavyodhani yeye mwenyewe.

Itazameni ratiba ya sherehe zetu, ndugu wasomaji. Wananchi huanza kuingia uwanjani tangu asubuhi. Vikundi vya ngoma vimeletwa kwa lori kutoka vijijini, na watoto wa halaiki wamekwisha pangwa mistari. Wote hao husimama wakingoja. Baadaye sana wageni huwasili, wakaketi kivulini. Wimbo wa Taifa hupigwa, gwaride likapita, ndipo mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tutapata "burudani kidogo" kabla ya salamu. Neno hilo "kidogo" ndilo linalotuudhi. Nsimba ya Wafipa hupewa dakika tano. Salamu zikirefuka, na sikuzote hurefuka, dakika tano huwa tatu. Hatujapata kusikia hata siku moja kwamba hotuba imekatwa ili ngoma imalizike.

Sasa, mtu ye yote aliyekulia kijijini anajua kwamba ngoma haianzi pale mtu anapoipiga. Mwimbishaji hutafuta sauti yake, waitikiaji huipokea, mwili hupata moto polepole, na wale walio pembeni huanza kuingia mmoja mmoja. Dakika tano za kwanza ni kubisha hodi tu. Kwa hiyo wale walioketi kivulini hawajaiona nsimba. Wameona watu wakibisha hodi, kisha wakaambiwa ahsanteni, tokeni.

Kwa nini tunalichukulia jambo hili kwa uzito? Kwa sababu twakumbuka tulikotoka. Wakati wa Mwingereza nako kulikuwa na sikukuu. Ilikuwako Siku ya Empaya, tarehe 24 Mei, ikawako siku ya kuzaliwa kwa Mfalme, na tarehe 2 Juni 1953 Malkia Elizabeth alipotawazwa huko London, makoloni yake yote yalitakiwa kufurahi. Siku kama hizo ngoma ziliitwa bomani. Bwana DC aliketi kivulini, watu wakacheza juani mbele yake, naye akatikisa kichwa na kuitazama saa. Ngoma ile haikuwa ya wachezaji. Ilikuwa pambo la utawala, sawa na bendera zilizofungwa kwenye miti. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa, na baada ya miaka saba na miezi mitano tukawa watu huru. Je, ikiwa mpangilio wa uwanja umebaki vile vile, kivuli kule na jua huku, kilichobadilika ni nini zaidi ya rangi ya aliyeketi kivulini?

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alilihutubia Bunge akaeleza kwamba anaunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu walijua rumba, chachacha na dansi nyingine za kigeni, lakini wengi wao hawajapata kucheza wala hata kusikia habari za Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lelemama. Nsimba hakuitaja, nasi hatumlaumu, nchi ina makabila zaidi ya mia. Lakini alichokisema kinatuhusu kabisa. Leo kijana wa Sumbawanga anaweza kuimba nyimbo za Dar es Salaam, za Lagos na za Johannesburg neno kwa neno, na hilo si dhambi. Dhambi ni kwamba mahali pekee anapoiona ngoma ya bibi yake ni uwanjani, siku ya sikukuu, kwa dakika tatu, huku watu wakivutana viti.

Tena kuna jambo la nyimbo zenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwaya na vikundi vya ngoma nchi nzima vilipewa kazi ya kueleza siasa kwa wananchi, navyo viliifanya vizuri. Lakini desturi ile ilizaa nyingine isiyopendeza: wimbo wa kijiji hubadilishwa maneno ili kumtaja mgeni rasmi kwa jina lake na cheo chake. Mgeni akihamishwa mkoa, wimbo unakufa. Wazee wetu walikuwa na nyimbo za kusifu, ndiyo, lakini walikuwa na za kukosoa pia, na mwimbaji hodari aliweza kumwambia mkubwa hadharani neno ambalo mtu mwingine asingelitamka. Twauliza: ni lini mara ya mwisho kikundi cha ngoma kiliimba mbele ya jukwaa kuu juu ya barabara mbovu, au mbolea iliyochelewa?

Wako watakaotujibu kwamba sherehe ni gharama, na kwamba Serikali yenyewe imeonyesha njia ya kubana matumizi. Ni kweli. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la tarehe 9 Desemba, akataka watu washike mafagio na majembe wafanye usafi, na shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka 2018 na 2020 fedha za sherehe zilielekezwa kwenye hospitali ya Uhuru huko Dodoma. Mwaka 2022 Rais Samia naye alielekeza shilingi milioni 960 zijenge mabweni ya watoto wenye mahitaji maalum katika shule nane za msingi, na wilaya zikaagizwa kufanya midahalo ya maendeleo. Hatuna ugomvi na bweni la mtoto asiyeona. Likiwekwa kwenye mizani pamoja na gwaride, sisi twachagua bweni.

Lakini ngoma haikuwamo katika milioni hizo! Gharama kubwa ya sherehe ni magari, mafuta, posho, maturubai, vipaza sauti na chakula cha wageni. Ngoma ya Ufipa haijapata kuhitaji fungu la bajeti. Ilihitaji ulezi wa pombe, uwanja uliofagiwa, na majirani. Basi gwaride likifutwa Dar es Salaam au Dodoma, kwa nini Laela nako kunyamaze? Kwa nini Matai, Namanyere na Mtowisa kuwe kama siku ya msiba? Tulipoambiwa tufanye mdahalo tuliingia ukumbini, wachache wakasema, wengi wakasikiliza. Mdahalo ni jambo jema. Ila bibi kizee asiyezoea kipaza sauti hasemi mdahaloni. Husema katika wimbo.

Na tuseme wazi juu ya kalenda, kwa sababu hapa ndipo mji husahau shamba. Tarehe 9 Desemba huku kwetu mvua imekwisha anza. Mwenye maksai yuko na jembe la kukokotwa, asiye nao yuko na la mkono, na yale matuta ya mviringo ambayo Mfipa huyafukia majani yaoze yawe mbolea yanangoja kusambazwa na kupandwa. Kumtoa mkulima shambani siku nzima ili akangoje mgeni ni kumnyang'anya chakula cha mwaka ujao. Tarehe 26 Aprili mazao bado yamesimama. Lakini Saba Saba na Nane Nane! Hapo mahindi yamevunwa, ulezi umeingia ghalani, baridi kali imewaleta watu pamoja motoni, na kila nyumba ina cha kumkaribishia mgeni. Huo ndio wakati ambao watu wetu walicheza ngoma tangu zamani. Ajabu ni kwamba wakati huo ndio sherehe zinatuhama: Saba Saba imekuwa maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, na Nane Nane ya nyanda zetu huwa Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Mfipa mwenye debe tano za ulezi anaadhimisha siku ya wakulima kwa kuisikiliza redioni.

Twajua neno jingine litakalosemwa: kwamba kuzikuza ngoma za makabila ni kukuza ukabila. Hofu hiyo ni ya watu wasiojua uwanda huu. Katika mkoa huu Mfipa anaishi na Mmambwe, Mlungu na Mnyika, na kule bonde la Rukwa wamekuja Wasukuma na ng'ombe wao na bugobogobo yao ya majembe. Waliocheza katika uwanja mmoja jioni moja hawadanganyiki upesi. Ukabila hukua pale watu wasipoonana. Hata Kanisa Katoliki, ambalo wamisionari wake wa kwanza waliitazama ngoma kama jambo la kipagani, lilibadili mawazo baada ya Mtaguso wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, na leo ngoma yapigwa Misani. Kama ngoma imekubaliwa altareni, haiwezi kuwa hatari mbele ya bendera.

Yafaa pia tuone haya kidogo. Mwingereza Roy Willis alikuja Ufipa miaka ya 1960, akakaa na watu, akasikiliza hadithi zao kwa saa nyingi, na mwaka 1978 kitabu chake juu ya sanaa ya usemi ya Wafipa kikachapishwa Uingereza. Mgeni aliona kwamba mazungumzo ya wazee wetu yanastahili kitabu. Sisi wenyewe tunayaona yanastahili nafasi kati ya salamu za pili na za tatu.

Basi tunataka nini? Gwaride na bendera viwe asubuhi, vifupi, kila mtu arudi shambani mwake. Jioni, katika kila kata, uwanja uachiwe wenye ngoma, bila jukwaa kuu na bila mtu wa kushika saa. Viongozi waje, waketi kwenye duara kama watu wengine. Anayejua kucheza acheze. Mwezi Julai, baada ya mavuno, vikundi vya wilaya zote vikutane Uwanja wa Nelson Mandela kwa siku nzima, vishindane, na waamuzi wawe wazee wanaozijua ngoma zenyewe. Watoto wa halaiki wasitolewe darasani majuma kadhaa kwa ajili ya dakika kumi za kupunga vitambaa. Wafundishwe nsimba na hao wazee, mchana mmoja kila juma, mwaka mzima. Tena wachezaji wanaotoka mbali walazwe mahali pakavu, na wale chakula kile kile wanachokula wageni, siyo soda moja na mkate juu ya lori.